Shajara ya mradi: ufunguo wa dubu-maji wa Morogoro

Jumamosi, 8 Machi

Masika yameanza na vigoga vimeamka. Kigoga ni lile zulia fupi la kijani linaloota kwenye mawe, magome na kuta zisizopigwa na jua. Kiangazi hukauka kikavunjika vidoleni kama majani ya chai. Kikipata mvua ya saa moja tu, kinalainika tena kana kwamba hakikupatwa na jambo. Humo ndimo wanamoishi dubu-maji, wanyama wa miguu minane ambao wengi wao hawafiki hata nusu milimita.

Lengo naliandika leo ili baadaye nisije nikajidanganya. Klabu yetu ya sayansi itatengeneza ufunguo wa kuwatambua dubu-maji wa hapa kwetu, yaani mlolongo wa maswali yanayokufikisha kwenye jina la mnyama, kwa Kiswahili, kwa kuangalia maumbile ya mwili tu. Mambo ya kusoma vinasaba hatuyawezi. Tulicho nacho ni hadubini mbili (moja lenzi yake imeota ukungu pembeni), simu yangu ya kupigia picha, na vijana sita wa kidato cha tano wenye macho mazuri kuliko yangu.

Tumechukua sampuli nne. A imetoka kwenye gome la mwembe ulio nyuma ya jiko la shule, B ukutani kwa tangi la maji, C kwenye vigae vya paa la zamani, na D kwenye jiwe kando ya njia ya kupanda Morningside, kule Uluguru. Kila moja imeingia kwenye bahasha ya karatasi, maana mfuko wa plastiki huozesha. Kwenye karatasi kigoga hukauka taratibu, na dubu-maji wenyewe huvuta miguu ndani, wakajikunja mithili ya vijipipa na kusubiri maji yarudi.

Neema akauliza kama ni kweli walishapelekwa anga za juu. Ni kweli: mwaka 2007, kwenye chombo cha FOTON-M3, na baadhi yao walirudi hai. Nikamwambia hayo tumeyamaliza leo, hatutayarudia. Sisi tunahesabu kucha.

Jumatatu, 10 Machi

Sampuli zililala kwenye maji ya mvua tangu jana jioni. Asubuhi tukazikamua kama mtu anavyokamua tui, tukaacha maji yatulie, kisha tukavuta mashapo ya chini kwa pipeti na kuyatandaza kwenye kisahani chenye karatasi nyeusi chini yake.

Aliyemwona wa kwanza ni Abuu, kwenye A. Anatembea kama mtu anayetafuta viatu gizani: miguu sita ya mbele inapapasa na kukwaruza, miwili ya nyuma imeelekea kinyume na imeng'ang'ania chembe ya mchanga haitaki kuiachia. Ukimtazama ndipo unaelewa kwa nini Goeze, mchungaji wa Kijerumani, alimwita dubu mdogo wa maji mwaka 1773, na kwa nini Spallanzani wa Italia, miaka mitatu baadaye, akamwita mwenda pole. Jina lao la kisayansi, Tardigrada, limetokana na huyo mwenda pole.

Hadi saa sita mchana tulikuwa nao kumi na tisa. Ufunguo wa kwanza tuliuandika ubaoni papo hapo: ni mwekundu, wa kijani, wa kahawia au hana rangi, ana macho au hana, mgongo wake ni laini au una mabamba. Yakapatikana makundi matano, kila mtu akaridhika, mimi zaidi ya wote.

Jumamosi, 15 Machi

Ufunguo wa kwanza umekufa. Haukumaliza hata wiki.

Aliyeuanzishia ni yule "wa kijani", ambaye tulimpa kundi lake peke yake. Tangu Jumatatu tulimweka kwenye maji matupu bila chakula. Leo unamwona hadi upande wa pili, mweupe kama kioo. Kijani chote kilikuwa cha mwani aliokula. Kwa hiyo kundi zima la kijani lilikuwa ni chakula cha mchana cha mnyama mmoja.

Halafu slaidi. Wataalamu hupachika dubu-maji kwenye majimaji ya Hoyer, ambayo ndani yake mna kloralihidrati, na hicho si kitu mwalimu anaweza kwenda kukiulizia dukani. Nikanunua glisarini ya duka la dawa, ile ya kupaka midomo iliyopasuka. Tukawatoa watatu kwenye maji tukawatia humo moja kwa moja. Wakasinyaa mbele ya macho yetu kama zabibu kavu: glisarini nzito ilifyonza maji yao kabla yenyewe haijaingia mwilini. Mama Zuhura, anayetutunzia maabara, alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Akaniambia, "Mwalimu, hata embe la achari hulitii chumvi yote kwa mkupuo mmoja."

Tumerudia kwa utaratibu wake. Tone moja la glisarini kwa matone tisa ya maji, kisahani kinaachwa wazi chini ya kitambaa, maji yanakwenda yenyewe kwa siku mbili au tatu na glisarini inabaki. Kabla ya hapo tunawapasha kwenye maji ya nyuzi 60 ili wanyooke na miguu ikae nje. Aliyekunja miguu ni hasara tupu. Kingo za slaidi tunaziba kwa rangi ya kucha, nyekundu, ya Mama Zuhura mwenyewe. Vijana walipogundua kwamba rangi ya kucha inatumika kutunza kucha, walicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Jumamosi, 29 Machi

Wiki mbili za kutazama miguu tu. Kilichosaidia sana ni kipande cha kadi nyeusi nilichokiweka chini ya jukwaa la hadubini kufunika nusu ya mwanga. Mwanga unakuja kwa ubavu, kingo za kucha zinaota kivuli, na kitu kilichokuwa kama mkwaruzo kwenye kioo ghafla kina umbo.

Mnyama wa A, kwenye ukuzaji wa mara 1000: kila mguu una kucha mbili, na kila ukucha umegawanyika matawi mawili, kubwa na dogo, kama herufi Y. Ncha ya tawi kubwa ina vijino viwili vidogo juu yake. Chini, pale ukucha unapoingia mguuni, pana kibamba chembamba kilichopinda. Abuu, ambaye amefunga na tangu saa nne anaangalia saa, alikitazama kwa muda mrefu akasema, "Mwalimu, si hilali hii?" Kumbe hata kwa Kilatini jina lake linatokana na mwezi. Kuanzia leo kwenye ufunguo wetu kinaitwa hilali. Kesho jioni watu watatoka nje kuangalia mwezi wa Idi. Sisi tumeshaona kumi na sita kwenye mnyama mmoja.

Ukisoma matawi kwa mpangilio kuanzia ubavu mmoja wa mguu wa mnyama wa A, unapata dogo, kubwa, kubwa, dogo. Upande mmoja ni kioo cha mwingine. Mnyama wa C, yule wa kahawia wa vigaeni, anasomeka dogo, kubwa, dogo, kubwa, na ukucha wake wa nje una tawi refu, jembamba, limepinda kama ufito wa mvuvi samaki anapovuta. Giovanni Pilato wa Italia alipoyapanga upya makundi haya mwaka 1969, mpangilio huu wa matawi ulikuwa mmoja wa misingi yake. Nimeusoma mara nyingi bila kuuelewa; leo nimeuona kwa dakika moja kwenye mguu.

Wa B hafuati njia yoyote kati ya hizo. Matawi yake yametengana kabisa: mawili marefu membamba kama nywele, mawili mafupi manene yenye ndoano. Jina la huyu halikutusumbua hata kidogo. Mdomoni ana vinundu sita na kichwani vingine viwili ubavuni, mrija wa kinywa ni mpana kama bomba, na tumboni mwake tuliona taya za rotifa, mnyama mwingine mdogo sana wa majini, zimebaki nzima baada ya nyama kumeng'enywa. Ni Milnesium, mwindaji. Wenzake wengi wanatoboa chembe za mimea na mwani na kufyonza. Yeye anameza wanyama wazimawazima.

Jumamosi, 12 Aprili

Koo. Nilidhani litatuchukua siku moja.

Ndani ya mdomo kuna mrija mgumu. Kila upande wa mrija kuna sindano moja ya kutobolea chakula. Mrija unaishia kwenye koromeo, kifundo cha misuli chenye umbo la yai, na ndani ya koromeo mna vijiti vigumu vilivyojipanga kwa mistari. Kitabuni vinaitwa plakoidi. Vijana walijaribu neno hilo kwa siku mbili na kila mmoja akalitamka kivyake. Mama Zuhura akauliza vinafanya kazi gani, nikamwambia vinasaidia kusaga na kusukuma chakula. "Basi ni magego." Yamekuwa magego.

Mnyama wa A ana magego mawili makubwa kwa kila mstari na kijigego kidogo sana nyuma yake. Ukijumlisha na kucha za Y, hilali, na ubapa mgumu unaopita chini ya mrija, tunaandika Macrobiotus. Wa C ana magego mawili bila kijigego, na ubapa hana: Ramazzottius. Milnesium hana gego hata moja, na ukiwa umeshamwona anavyokula huoni angelifanyia nini.

Kutoka D, kule Morningside, tuna mnyama wa aina nyingine kabisa. Mwekundu, mgongo umefunikwa mabamba kama kobe, na pembeni mwa kichwa ana singa mbili ndefu. Nilichagua neno singa kwa sababu ni nyuzi nyembamba zilizonyooka, na neno tunalo tayari. Hapa ndipo mti unapogawanyika tangu shinani. Wenye singa za pembeni ni Heterotardigrada, na kwao tundu la uzazi liko mbali na mkundu. Wasio na singa hizo ni Eutardigrada, na kwao vyote viwili vinatokea tundu moja. Wekundu hatujaurudisha kwenye ufunguo. Kwenye slaidi za mwezi uliopita umeshafifia.

Huyu wa D tumemwandika Echiniscus: kucha nne kila mguu, kila moja imesimama peke yake bila matawi, na kati ya bamba la mwisho na yale yanayolitangulia hakuna bamba la ziada. Angekuwa nalo, tungemwita Pseudechiniscus.

Kisha Neema akaita kutoka meza ya pili, "Mwalimu, huyu wangu ana kucha mbili tu." Nikaenda. Kweli mbili. Mabamba yaleyale, singa zilezile, kucha mbili kila mguu. Nikahesabu tena, nikambadilishia lenzi, nikahesabu tena. Kwa saa nzima niliamini tumepata jenasi nyingine, na nakiri nilishaanza kupanga namna ya kumwandikia rafiki yangu wa chuo kikuu. Neema ndiye aliyempima: alikuwa nusu tu ya urefu wa wenzake. Tukatafuta tundu la uzazi, hakuna. Tukatafuta mkundu, hakuna pia. Ni mtoto. Echiniscus huanguliwa akiwa na kucha mbili, na anapojivua gamba mara ya kwanza ndipo anapata nne.

Kwenye ufunguo, mbele ya swali la idadi ya kucha, Neema ameongeza swali lake: je, ana tundu la uzazi?

Jumamosi, 19 Aprili

Pasaka, shule imefungwa. Nyumbani nilisoma habari za Thermozodium, aliyeelezwa na Rahm mwaka 1937 kutoka chemchemi ya maji moto huko Japani. Alitengewa ngeli yake peke yake, Mesotardigrada, kwa sababu maumbile yake yalionekana kuwa katikati ya yale makundi mawili. Hakuna kielelezo kilichobaki, na hakuna aliyempata tena. Baada ya saa yangu moja ya kucha mbili, nimemsoma Rahm kwa huruma kidogo.

Jumamosi, 3 Mei

Slaidi namba 31 imetuharibia siku. Mnyama kutoka A, kucha za Y safi kabisa, hilali zipo, mwili umenyooka vizuri. Koo hana. Hana mrija, hana sindano, hana magego. Pale koromeo lilipotakiwa kuwa pana utando tu.

Abuu alisema glisarini imeyeyusha. Nikamwambia kama ni glisarini ingeyeyusha na za wengine. Mwingine akasema labda ni spishi isiyokula. Tulibishana hadi umeme ukakatika, na kwenye giza lile ndipo nilipokumbuka kitu kilichoandikwa kwa mstari mmoja tu kwenye vitabu vyangu: dubu-maji akikaribia kujivua gamba hutapika koo lote, maana mrija na sindano na magego vyote ni sehemu ya gamba lilelile la nje lililoingia ndani. Kwa siku kadhaa anakaa bila kitu mdomoni, hali, mpaka atengeneze vipya.

Umeme uliporudi tulimwangalia upya, na kweli: ndani ya miguu, nyuma ya kucha za nje, pana vivuli vya kucha nyingine zinazoundwa. Jozi mbili za kucha kwenye mguu mmoja, za zamani na mpya.

Ina maana ufunguo unaoanza na koo ungemtupa mnyama huyu kwenye kundi la Milnesium, "hana magego", na Milnesium ni ndugu wa mbali sana kwake. Kwa hiyo kabla ya maswali yote sasa kuna swali namba sifuri: je, mrija wa kinywa upo? Kama haupo, usiendelee. Andika namba yake na umrudishe kwenye boksi. Tumepitia slaidi zote za nyuma. Wawili kati ya wale tuliowapa jina mwezi Machi hawakuwa na mrija, na tumewafutia jina.

Jumamosi, 10 Mei

Vipimo. Urefu wa mwili hautusaidii, maana hawa wanakua, na mmoja akibanwa na kifuniko cha kioo anarefuka. Mrija wa kinywa ni mgumu, haubanwi, ndiyo maana Pilato alipendekeza mwaka 1981 kila kitu kipimwe kwa kulinganishwa nao: urefu wa sehemu unayoitaka gawanya kwa urefu wa mrija, zidisha kwa 100.

Tulijaribu kwa wawili wa A. Mkubwa, mwili mikromita 380: mrija 42, na sindano zinashikiziwa kwenye mrija umbali wa 32 kutoka mwanzo. Jibu ni 76.2. Mdogo, mwili 270: mrija 30, sindano 23. Jibu ni 76.7. Miili imeachana kwa zaidi ya mikromita 100 na namba hizi mbili zimekaa bega kwa bega. Vijana waliokuwa wananung'unika kwamba hisabati imewafuata hadi Jumamosi walinyamaza kidogo.

Jumamosi, 17 Mei

Mayai! Sampuli mpya ya A, matatu. Mtaalamu wa dubu-maji Ramazzotti na wenzake wamejaza kurasa juu ya mayai na sasa najua sababu. Yai ni duara la mikromita 80 hivi, na uso wake wote umepandwa vitu kama vikombe vya kahawa vilivyopinduliwa juu ya sinia, kimoja kimoja, vimeachiana nafasi sawasawa.

Kwa kundi hili, bila yai hufiki kwenye spishi. Macrobiotus hufelandi alielezwa na Schultze mwaka 1834, na kwa muda mrefu baadaye karibu kila mwenye kupata dubu-maji wa kucha za Y na vikombe kwenye yai alimwandika jina hilo, awe amemtoa wapi. Ilipotazamwa kwa makini ikaonekana jina moja limebeba spishi nyingi zinazofanana. Milnesium tardigradum naye yalimkuta hayohayo, hadi alipoelezwa upya mwaka 2012. Kwa hiyo kwenye lebo zetu neno la pili la jina, lile la spishi, haliandikwi. Abuu analiona kama kushindwa. Mimi nimemwambia aandike "Macrobiotus, vikombe, magego mawili na kijigego, 76", na atakayekuja na vifaa vizuri ataanzia hapo.

Tatizo limebaki moja: tunajuaje yai hili ni la mnyama huyu? Kwenye A tumeshapata pia mnyama mwenye magego matatu. Kukutwa kwenye kigoga kimoja si ushahidi. Kwenye daladala moja watu si ndugu. Tumeyaacha mayai kwenye tone la maji, ndani ya kisahani chenye pamba mbichi, na Mama Zuhura ameahidi kulowesha pamba kila asubuhi.

Alhamisi, 29 Mei

Mama Zuhura alinitumia kijana darasani katikati ya kipindi. "Mwalimu, Mama Zuhura anasema uje sasa hivi, usimalize ubao."

Mayai mawili yameota ukungu. La tatu lina mtu ndani. Amejikunja, anageuka polepole, miguu inasukuma ganda. Nilishusha lenzi kwa woga wa kulivunja yai, nikapitisha vikombe vya juu, nikashuka zaidi. Mrija wa kinywa upo, umekamilika, na sindano mbili ubavuni. Chini yake koromeo. Nikamwachia Abuu kiti ahesabu yeye, nikasimama nyuma nisimwambie kitu.

"Mawili," akasema. Akageuza skrubu kidogo. "Na kijigego."